Ufunguo wa Kamera Uwe Mkononi Mwako
Mazungumzo na watumiaji wa huduma za mawasiliano, Katesh, Wilaya ya Hanang



Mji wenu uko kwenye barabara iendayo Babati na Singida, na wengi wenu ni watu wa safari: leo shambani Basotu, kesho Arusha kufuata bidhaa. Si ajabu, basi, kwamba mwenye kamera za ulinzi hutaka kuiona nyumba yake kwa simu akiwa mbali. Jambo hilo linawezekana, lakini lina utaratibu wake.

Kamera inayotazamwa kwa simu ni mlango uliofunguliwa kwenye mtandao. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka idadi kubwa ya kamera na mashine za kurekodia duniani kwa njia nyepesi: ilijaribu nywila zilizowekwa kiwandani, ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Hakuna kufuli lililovunjwa. Ufunguo uliachwa mlangoni.

Kwanza, badilisha nywila ya mashine ya kurekodia kabla ya kuiunganisha na intaneti. Iwe ndefu, na isiwe namba ya simu wala mwaka wa kuzaliwa.

Pili, akaunti iwe yako. Hapa ndipo wengi hukosea. Fundi husajili mfumo kwa simu yake ili kazi iishe upesi, kisha humpa mwenye nyumba ruhusa ya kutazama tu. Siku fundi akihama, au mkikosana, yeye ndiye mmiliki nawe ni mgeni katika nyumba yako. Mifumo mingi hukubali mmiliki mmoja. Asipoiachia mashine, mwingine hawezi kuisajili. Basi pakua programu ya mtengenezaji kwenye simu yako, jisajili kwa namba au barua pepe yako, ndipo usome msimbo wa QR ulio kwenye mashine. Washa uthibitisho wa hatua mbili iwapo upo. Wanafamilia wape ruhusa ya kutazama, si nywila yako.

Tatu, chagua njia salama ya kuunganisha. Kwenye ruta ya laini ya simu, wateja wengi hutumia anwani moja ya intaneti kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, njia ya zamani ya kuifungulia mashine njia ya moja kwa moja kupitia ruta aghalabu haifanyi kazi. Na inapofanya kazi, huianika mashine kwa kila apitaye mtandaoni. Tumia huduma iliyomo katika programu ya mtengenezaji.

Nne, pima bando. Picha inayotumwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia megabaiti 450 kwa saa kwenye ruta ya nyumbani, na kiasi hicho hicho kwenye simu yako. Ukiwa mbali, chagua picha ya ubora wa chini. Ile ya ubora wa juu ibaki kwenye mashine. Umeme ukikatika ruta huzimika, hivyo weka betri ya akiba.

Tano, heshimu faragha. Usielekeze kamera chumbani wala uani kwa jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwenye duka awajulishe wateja kwa tangazo kwamba wanarekodiwa. Na mtu akiingia katika mfumo wako bila idhini, toa taarifa Polisi: hilo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Mwisho, kabla ya kumlipa fundi, zima Wi-Fi ya simu yako, tembea hadi stendi, kisha fungua programu. Ukiiona nyumba yako, na akaunti ya mmiliki ikawa yako, mlipe ujira wake. Akaunti ikiwa ya fundi, kazi bado haijakwisha.