Kitendawili! Tega! Kumsaidia Mtoto Kukumbuka Masomo kwa Mbinu za Kufurahisha

Mada iliyowasilishwa katika semina ya walimu wa shule za msingi na wazazi



1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la tano ambaye karibu kila jaribio la sayansi alirudisha karatasi tupu. Asubuhi moja nilimwuliza mpangilio wa mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, akainamisha kichwa. Wakati wa mapumziko nilimkuta chini ya mwembe, wenzake wamepanga foleni nyuma yake, yeye konda wa daladala. Aliita vituo vyote kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Kariakoo bila kuruka hata kimoja, kisha akarudi navyo kinyumenyume. Mtoto niliyemhesabu kuwa mzito wa kushika alikuwa na kumbukumbu kunishinda mimi.

Tangu siku ile nimeacha kuuliza kwa nini watoto hawashiki. Najiuliza nimewapa nini cha kushikia. Hoja yangu leo ni hii: mtoto hukumbuka jambo lililopewa mahali, picha au sauti, na hulikumbuka kwa muda mrefu akiombwa alitoe kichwani mwenyewe, mara kwa mara, bila hofu.

2. Kumbukumbu inavyofanya kazi

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima kinachobaki. Aligundua kwamba sehemu kubwa hupotea katika saa za mwanzo, kisha upoteaji unapungua kasi. Aligundua pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yanafaa kuliko yaliyorundikwa siku moja.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Baadhi walivirudia kwa kuvisoma tena. Wengine walifunika karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka waliwaacha wenzao mbali.

Sasa tazameni bibi zetu walivyofanya. "Kitendawili!" "Tega!" Mtegaji hatoi jibu. Anasubiri, watoto wanatafuta vichwani mwao. Wakishindwa wanampa mji, naye anautembelea kwa maneno matamu kabla ya kufumbua. Hakuna anayechapwa wala kuzomewa, na kesho yake kitendawili kilekile kinategwa tena. Kuchota kumbukumbu, kurudia kwa nafasi na kukosea bila hofu, yote yamo katika mchezo huo mmoja.

3. Mbinu zenyewe

3.1 Njia anayoijua mtoto

Wasemaji wa Ugiriki na Roma ya kale walikumbuka hotuba ndefu kwa kupanga hoja zao katika vyumba vya nyumba waliyoijua, kisha kuipita kwa mawazo. Watoto wetu wana njia ya kisimani, ya shuleni na ya daladala. Kwa yule mwanafunzi wangu tuligeuza mmeng'enyo kuwa safari. Abiria ni tonge la ugali. Anapanda kinywani, anatafunwa na kulowa mate. Anapita umio bila gari kusimama. Tumboni gari linatikiswa na abiria anasagika. Utumbo mdogo ndio kituo kikubwa: virutubisho vinashuka na kuingia kwenye damu. Utumbo mpana, maji yanashuka. Mabaki yanafika mwisho wa gari. Darasa zima liliita vituo kwa sauti ya konda, na kila kituo kilieleza kazi yake.

3.2 Sentensi ya herufi za mwanzo

Sayari nane, kuanzia iliyo karibu na jua, ni Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Darasani kwangu tulitunga: Zainabu, zamani dukani mwake mliuzwa zabibu, ufuta, nazi. Herufi zinazojirudia zinahitaji kulabu ya pili, yaani kitu kingine cha kushikia: Zebaki inatangulia Zuhura kama e inavyotangulia u katika alfabeti, na Mirihi inatangulia Mshtarii kama i inavyotangulia s. Vitabu vingine hutumia majina tofauti ya sayari. Mwalimu afuate kitabu cha darasa lake, watoto watunge sentensi mpya.

3.3 Mikono

Kunja ngumi. Anza na fundo la kidole cha shahada: Januari. Bonde linalofuata ni Februari, fundo la pili Machi, na kuendelea. Julai itaangukia fundo la mwisho. Rudi fundo la kwanza kwa Agosti. Miezi ya mafundo ina siku 31. Ya mabondeni ina 30, isipokuwa Februari yenye 28 au 29.

Kwa tebo ya tisa, nyosha vidole kumi. Unataka 9 mara 4? Hesabu kutoka kushoto, ukunje kidole cha nne. Kushoto kwake vimebaki vitatu, hayo ni makumi. Kulia sita, hayo ni mamoja. Jibu ni 36. Kisha mweleze mtoto sababu: tisa ni kumi kasoro moja, kwa hiyo tisa mara nne ni arobaini kasoro nne.

3.4 Ngazi za miaka

Tarehe za historia huwatesa watoto kwa sababu tunazitoa moja moja. Zipangeni kama ngazi. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Panda miaka mitatu: 1964, Mapinduzi ya Zanzibar na Muungano. Panda mitatu tena: 1967, Azimio la Arusha. Ruka kumi: 1977, kuzaliwa kwa CCM, tarehe 5 Februari, siku ileile ya Azimio. Akishika ngazi moja, nyingine anazifikia kwa hesabu.

3.5 Vitendawili na tenzi za somo

"Nyumba moja, vyumba vinne, viwili hupokea wageni, viwili huwasindikiza." Jibu: moyo. Darasa lililotunga kitendawili hicho lilibishana nusu kipindi kuhusu chumba kipi kinapokea na kipi kinasukuma, na ubishi ule ulikuwa somo lenyewe. Vina na mizani vinasaidia vilevile. Mwana Kupona binti Msham alipotaka wosia wake ukae moyoni mwa binti yake, mwaka 1858, aliutunga kwa utenzi. Ubeti mmoja, kila mstari mizani nane, kuhusu mzunguko wa maji, uliotungwa na watoto wenyewe, unatosha kwa wiki nzima.

4. Tahadhari

Kwanza, kulabu haina kazi bila nguo. Mtoto anayetaja vituo vya mmeng'enyo bila kujua kinachoshuka wapi bado hajajifunza. Maana itangulie.

Pili, kulabu aliyoitunga mtoto mwenyewe inashika kuliko ya mwalimu, hata ikiwa ya ajabu kidogo. Tusiwasahihishie ndoto zao. Tuwasahihishie ukweli uliomo.

Tatu, fimbo. Mimi mwenyewe nilichapwa kwa tebo ya saba. Ninachokumbuka vizuri hadi leo ni kiboko, mlango wa darasa na uso wa mwalimu; tebo nilijifunza baadaye, nyumbani, kwa kaka yangu. Hofu nayo inakumbukwa, na inachukua nafasi ya somo.

5. Mapendekezo

Kila kipindi kianze na dakika tano za kutegana: swali moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Madaftari yafungwe. Anayeshindwa atoe mji, aelezwe, naye ategewe tena kesho.

Katika darasa kubwa, watoto wategane wawili wawili. Vipande vya karatasi ya manila, swali mbele na jibu nyuma, vinatosha.

Nyumbani, mzazi hahitaji kujua somo, wala kusoma. Wakati wa kupika amwambie mtoto: "Nitegee la leo." Mtoto atakayemfumbulia mama jibu atakuwa amelichota kichwani na kulieleza kwa maneno yake.

6. Hitimisho

Wiki moja baada ya ile safari ya daladala nilitoa jaribio bila kutangaza. Yule kijana aliandika sehemu zote kwa mpangilio wake. Kando ya utumbo mdogo, ambako sikuwa nimeuliza chochote, aliongeza kwa penseli: "Hapa wengi hushuka." Kumbukumbu alikuwa nayo siku zote, mimi ndiye niliyechelewa kufika kituoni kwake.