Tairi za gari letu kabla ya mvua: tuchague namna gani?

Maneno ya kikundi cha usafiri mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka

  

Sisi wa kikundi cha usafiri tuliombwa kueleza jambo moja: gari la chama linahitaji tairi mpya kabla mvua haijashika. Kuna mawazo matatu yaliyokwisha kutolewa. Hatutaki munyooshe mikono kwa kutufurahisha. Tunataka mukubali ama mukatae mukiwa munajua sababu.

Wengine watauliza, kwa nini tairi ziletwe mbele ya mkutano mzima, si kazi ya shofere na fundi? Ni juu ya gari hilo si la starehe. Ndilo linalopeleka mama mwenye uchungu hopitali usiku. Ndilo linalobeba mihogo na mawese yenu hadi sokoni. Ndilo linalokwenda bandarini kuchukua ndugu waliovuka ziwa kutoka Kigoma na mizigo yao. Likikwama kwenye matope, anayeumia kwanza ni mgonjwa aliye ndani. Na feza ya tairi ni michango yenu pamoja na misaada ya marafiki. Kwa hiyo ni haki yenu kujua inaenda wapi.

Wazo la kwanza: tairi za theluji kutoka Ulaya na Kanada

Marafiki wetu wa huko, na kati yao wako watoto wetu wenyewe waliohamishiwa kule kutoka kambini, wameandika kwamba wanaweza kukusanya tairi za baridi zilizotumika na kuzituma kwa kontena. Ni wazo la upendo, na tunalishukuru. Lakini tulilichunguza vizuri, na tunaomba tueleze kwa nini tunashauri lisifuatwe.

Tairi ya theluji imetengenezwa kwa mpira laini. Mpira wa tairi ya kawaida ya kiangazi unaanza kuwa mgumu hewa ikishuka chini ya digrii 7 hivi, na tairi ngumu inateleza. Ya theluji inabaki laini hata kwenye baridi kali. Tena meno yake yana mikato myembamba mingi ambayo inashika theluji. Ndiyo maana katika jimbo la Québec sheria inalazimisha magari kuvaa tairi hizo kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi.

Hata huko kwao, tairi hiyo ina bei yake ya pembeni. Barabara ikiwa kavu na yenye joto, ule ulaini unageuka kuwa shida: meno yanajipinda, usukani unakuwa mzito kujibu, breki inachukua nafasi ndefu zaidi, na tairi inaisha haraka. Kwa hiyo wenzetu nao wanapima. Mtu wa kaskazini kabisa, anayeendesha juu ya barafu miezi mingi, anachukua tairi laini sana. Mtu wa Ujerumani, ambaye siku nyingi za baridi barabara yake ni kavu ama ina maji tu, na anakimbiza gari kwenye barabara kuu, anachukua tairi ya theluji iliyo ngumu kidogo. Anapoteza kitu fulani kwenye barafu, anapata uthabiti kwenye lami. Hakuna tairi inayoshinda kila mahali.

Sasa ileteni Fizi. Hapa hewa haishuki mpaka kwenye baridi ile. Mpira ule laini utaliwa na changarawe na joto, na tairi iliyokwisha kutumika miaka kadhaa itafika ikiwa imebakiza maisha mafupi.

Kuna herufi zinazochanganya watu: M+S. Maana yake ni matope na theluji, na mtu akiziona anasema, hii ndiyo dawa yetu. Hapana. Herufi hizo mtengenezaji anaziandika mwenyewe juu ya namna alivyochonga meno. Alama ya mlima wenye nyota ya theluji ndani yake ndiyo inayoonyesha kwamba tairi imepimwa, na imepimwa kwenye theluji, si kwenye matope. Tena theluji na matope ni vitu viwili tofauti. Theluji ikijaa ndani ya meno inasaidia, juu theluji inashikana na theluji. Udongo wetu wa mfinyanzi ukijaa ndani ya meno na usitoke, tairi inakuwa kama chungu kilichopakwa mafuta.

Sababu nyingine ni uzito. Tairi nyingi zinazokusanywa huko ni za magari madogo. Munaweza kusoma ubavuni 205/55 R16 91T. Ile 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, nayo inafanana na ya Land Cruiser yetu, ndiyo maana watu wanadanganyika. Lakini yetu ni 7.50 R16, tairi ndefu na nene. Halafu tazameni 91. Namba hiyo ni ya uzito: tairi moja inabeba kilo 615. Nne zinabeba kilo 2,460. Gari letu likijaa watu na mizigo linafika tani 3. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne ataona haikubali.

Wazo la pili: tairi za matope

Vijana wengi wanapenda hizi. Meno makubwa, nafasi pana katikati, zinatisha kuzitazama. Kwa matope mazito ni bora kabisa: gurudumu likizunguka, zile nafasi pana zinatupa udongo nje, na meno yanapata kushika tena. Mwenye kujua njia ya kuelekea Lulimba wakati wa mvua anaelewa thamani yake.

Lakini kwenye barabara kavu na ngumu, meno machache makubwa yana maana kwamba mpira unaogusa chini ni kidogo. Breki inachelewa, gari linayumba kwenye kona, kelele ni nyingi, mafuta yanaliwa zaidi, na meno yanamegwa na mawe.

Hapa tulirudi kwenye daftari la safari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hii daftari limetusaidia. Linaonyesha kwamba sehemu kubwa ya njia zetu ni kando ya ziwa, kupitia Mboko na Makobola hadi Uvira: changarawe, vumbi, mashimo, na watoto wa shule pembeni. Matope ya kukwamisha kweli ni vipande vichache, na vinajulikana kwa majina. Tukinunua tairi za matope, tutakuwa tumechagua kwa ajili ya vipande hivyo, na tutalipa kila siku kwenye njia iliyobaki. Na siku mtoto akikatiza mbele ya gari, breki inayochelewa mita chache ndiyo itakayoamua.

Wazo la tatu: tairi za kati

Ziko tairi zilizotengenezwa kwa njia zote, ubavuni zimeandikwa A/T. Meno yake ni ya wastani, nafasi zake ni za wastani. Kwenye matope mazito haziwezi kushindana na za matope, tuseme ukweli. Lakini kwenye changarawe na barabara kavu zinashika vizuri, breki ni nzuri zaidi, na zinadumu.

Sisi tunashauri hivi: tununue tano za aina hii, nne za kuvaa na moja ya akiba, zote za kipimo kimoja na aina moja. Kuchanganya aina mbili kwenye gari moja ni hatari, juu ya mbele itashika na nyuma itateleza. Kwa vile vipande vya matope mazito, tununue jozi moja ya minyororo ya chuma inayofaa kipimo chetu. Shofere anaifunga kabla ya kuingia kwenye tope, anapita pole pole, anaifungua akitoka. Kazi hiyo inachafua mikono, lakini ni ya nusu saa, na hatuilipii katika safari nzima.

Mambo ya kuangalia dukani

Musikubali tairi kwa kuitazama inang'aa. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna namba, na nne za mwisho ni juma na mwaka wa kutengenezwa. Ukisoma 3519, ni juma la 35 la mwaka 2019. Tairi iliyokaa miaka mingi kwenye jua la duka inapasuka hata kama haijagusa barabara. Ndani ya mifereji kuna vigongo vidogo. Meno yakiisha hadi kulingana navyo, yamebaki milimita 1.6, na tairi hiyo imekwisha. Kwa mvua zetu tusingoje kufika hapo.

Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, juu tairi ya moto inadanganya kipimo. Kwenye matope shofere anaweza kupunguza upepo kidogo ili tairi ikae kwa upana, lakini lazima aurudishe kabla ya kushika njia ngumu. Tairi yenye upepo mdogo inajikunja, inapata joto, na mwisho inapasuka. Kwa hiyo pampu na kipimo cha upepo vikae ndani ya gari siku zote. Na kwa mashofere wetu, na ninyi munaosukuma gari mukiimba: kukanyaga mafuta kwa nguvu ndani ya tope ni kuchimba shimo. Haraka haraka haina baraka, hata hapa Baraka.

Ndugu zetu wa pikipiki, hesabu ni ile ile. Tairi ya meno marefu inafaa kwa anayepanda milimani kila siku. Anayebeba abiria mjini atachukua ya meno mafupi, juu meno marefu yanacheza kwenye kona kavu. Na mushale ulio ubavuni uelekee upande gurudumu linakozungukia.

Kwa marafiki wetu wafadhili

Tunajua ni vigumu kusikia kwamba kitu ulichotaka kutoa kwa moyo hakitafaa. Tunawaambia wazi juu tunawaheshimu. Gharama ya kusafirisha kontena na kulipa forodha kwa tairi zisizoingia kwenye gari letu ni feza iliyotupwa. Feza hiyo hiyo ikinunua tairi sahihi hapa karibu, Uvira ama Bujumbura, fundi ataziona kwa macho na kuzikataa zikiwa mbovu. Kama munapenda kutuma vitu, kuna vitatu vyepesi ambavyo tutavitumia kila juma: kipimo cha upepo kilicho sahihi, pampu ndogo inayotumia betri ya gari, na vifaa vya kuziba matundu. Minyororo pia, lakini kwa kipimo cha 7.50 R16 tu. Risiti zote zitabandikwa kwenye ubao wa chama, na hesabu itatoka katika jarida hili.

Wanachama, tunaomba sasa mujadili. Mwenye kujua njia kuliko sisi aseme, mwenye shaka aulize, hasa wamama munaopanda gari hilo na mizigo na wagonjwa. Halafu mkutano ukate shauri leo, juu mawingu ya mlimani hayangoji kikao cha pili.