Tofu Kavu Nje, Laini Ndani

Mada iliyotolewa na mjumbe wa kamati ya mikopo siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi



Nimepewa dakika ishirini nizungumzie upishi wa tofu ya kukaanga. Nasikia wapo walionong'ona, eti siku kubwa kama hii mtu anasimama kuzungumzia karai! Basi niseme wazi sababu yake. Mbele ya kamati ya mikopo kuna ombi la wanachama watano wanaotaka kukopa pamoja, waanze kukaanga tofu jioni pale kituoni. Baadhi yetu tumelipinga kabla hata halijasomwa, kwa sababu miaka miwili iliyopita wenzetu wawili walikopa kwa kazi hiyo hiyo, wakafunga baada ya miezi mitatu, na rejesho la mwisho lilitoka kwenye kuku wa nyumbani. Hilo sote tunalikumbuka. Lakini je, mnakumbuka wateja walikuwa wanasema nini? Hawakusema tofu ni chungu, wala hawakusema ni ghali. Walisema imelowa, imekunywa mafuta, ukiibonyeza inatema kama mkate uliochovywa kwenye chai. Hilo ni tatizo la upishi, na upishi unafundishika. Ndiyo maana nimeomba nafasi hii kabla kikao cha mikopo hakijakaa.

Kwa faida ya wageni, tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa maji, ukapata kipande cheupe unachoweza kukikata kwa kisu. Wachina wanaila tangu zamani sana, na masimulizi yao humtaja mwanamfalme Liu An kuwa ndiye aliyeigundua. Lakini msidhani ni chakula cha Wachina peke yao. Kaskazini mwa Nigeria, Wahausa wanaiita awara, na wanaoiuza barabarani ni kina mama kama sisi: karai la mafuta, vipande vya soya iliyogandishwa, na unga wa pilipili pembeni. Watoto wa shule hununua, na madereva hununua. Hakuna anayeuliza kama ni chakula cha wagonjwa.

Nimelitaja neno hilo makusudi. Wengi wetu hapa Ruvuma tuliijua soya kupitia uji wa lishe wa kliniki, na mpaka leo ukimwekea mtu soya mezani anakutazama kama vile umemwambia anaumwa. Na huku tunailima wenyewe! Tunavuna, tunashona magunia, mnunuzi anakuja na mzani wake, tumemaliza. Tangu mwaka 2020 China imefungua soko lake kwa soya ya Tanzania, na viwanda vya chakula cha kuku navyo vinaitaka. Ni vizuri, tuuze. Ila debe moja libaki ndani. Soya kavu ina protini zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, wakati mahindi hayafiki hata moja ya kumi. Halafu kile ambacho ugali unakosa katika protini yake, soya inacho, kwa hiyo vikikutana kwenye sahani moja mtoto anapata chakula kamili. Sitaendelea hapo, bibi afya wetu yupo, atawaeleza kuliko mimi.

Sasa tuingie jikoni.

Chukua kilo moja ya soya, chambua, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi zisugue kwa mikono, maganda yaelee uyamwage. Saga kwa blenda, au twanga kwenye kinu mpaka iwe laini kabisa, ila maji unayosagia yawe ya moto sana. Ile harufu ya soya mbichi inayowakimbiza watu hutokea pale soya inaposagwa na maji ya baridi. Maji ya moto huizuia. Maji yote kwa jumla yafike kama lita nane. Chuja kwa kitambaa cheupe cha pamba, kamua kwa nguvu zako zote, na makapi usiyatupe, nitayarudia.

Maziwa hayo yaweke kwenye sufuria kubwa isiyojaa. Sikilizeni hapa kina mama, maana hapa ndipo jiko linapochafuka: maziwa ya soya hufura povu kabla hayajachemka. Mtu anaona yamepanda, anaepua, anadhani yameiva. Hayajaiva! Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na mtoto akinywa atakuharishia. Punguza moto, koroga, acha yachemke kweli kweli kwa dakika kumi na tano hivi.

Epua, yapoe kidogo tu. Chukua kikombe kimoja cha chai cha maji ya ndimu, changanya na kikombe kimoja cha maji. Siki nayo inafaa. Mimina theluthi, koroga taratibu mara mbili tatu, uache. Mimina theluthi nyingine, tena taratibu. Ile ya mwisho unyunyize juu, funika, usiiguse kwa dakika kumi na tano. Utakuta mabonge meupe na maji ya njano yaliyo wazi. Kama maji bado ni meupe, ongeza ndimu kidogo. Anayekoroga kwa haraka kama anasonga ugali atapata punje punje ndogo, na tofu yake itavunjika kwenye karai.

Teka mabonge hayo uyatie kwenye kitambaa ndani ya chombo chenye matundu, kunja, weka sahani juu yake, na juu ya sahani weka dumu la maji la lita tano. Wenzetu wale walikuwa wanaweka dumu dakika kumi wanaondoa, kwa sababu wateja wanasubiri na kipande chenye maji kinaonekana kikubwa. Nawaelewa. Lakini mnakumbuka jinsi mafuta yalivyokuwa yanaruka? Yale ni maji. Kipande chenye maji kikiingia kwenye karai kinapoza mafuta, hakishiki ukoko mapema, kinakaa muda mrefu mpaka kinachosha, na kinatoka kimelegea. Dumu likae saa moja na nusu, au mbili. Kilo moja ya soya itakupa tofu ya kilo moja na nusu hadi mbili, kutegemea umeikamua kiasi gani, na kwa kukaanga ni heri ile ndogo iliyokamuka kuliko kubwa iliyojaa maji.

Kata vipande vya ukubwa wa kiberiti. Vikiwa vinene kuliko hapo, ndani patabaki baridi.

Hatua inayofuata wengi wanaishangaa. Chemsha lita moja ya maji, tia vijiko viwili vya chumvi, kitunguu saumu na tangawizi zilizotwangwa, kisha yamwagie yakiwa ya moto juu ya vipande, uviache dakika kumi na tano. Mtu atasema, dada, tumehangaika kutoa maji na wewe unayarudisha? Maji ya moto yenye chumvi hukaza kile kipande na kuvuta unyevunyevu utoke, na ukivitoa na kuvitandaza juu ya kitambaa, joto lenyewe linakausha uso wake. Na chumvi inakuwa imeingia ndani. Ukinyunyiza chumvi baada ya kukaanga inabaki juu, mteja anapata chumvi kwanza, halafu kitu kisicho na ladha.

Mwenye friji ana njia nyingine: agandishe vipande usiku kucha, aviache viyeyuke, avikamue kwa viganja kama sponji. Barafu hutoboa vitundu ndani, maji yanatoka yote, na tofu inakuwa na utafunaji kama wa nyama. Umeme ukiwepo, lakini.

Vikishakauka, viviringishe kwenye unga wa muhogo uliochekechwa sana, au wanga wa mahindi wa dukani. Unga wa ngano siupendi kwa kazi hii. Ukoko wake unalainika mapema. Unga uwe mwembamba kama poda usoni, ukung'ute unaozidi, na viingie kwenye mafuta papo hapo. Ukivipaka unga ukaenda kupokea simu, ukirudi utakuta gundi.

Mafuta ya alizeti yanafaa sana. Yafike nusu ya kimo cha kipande, hayahitaji kujaa karai. Chovya kijiti kikavu: kikizungukwa na mapovu madogo madogo ya haraka, mafuta yako tayari. Yakitoa moshi, yamepita. Weka vipande vichache, visigusane. Tamaa ya kujaza karai ndiyo inayopoza mafuta. Na usivichokonoe! Kipande kikishika ukoko kinajiachia chenyewe; ukikigeuza kabla, ukoko unabaki chini na wewe unabaki na uchi wake. Dakika tatu au nne upande mmoja, kisha geuza. Mtoto mgongoni ashuke kwanza, mpe mtu ambebe. Mafuta ya moto hayana msamaha.

Sasa la mafuta kunywewa. Kipande hakinywi mafuta mengi kikiwa bado kinachemka, kwa sababu mvuke unatoka kwa nguvu na kuyasukuma nje. Kinayanywa kikitolewa. Kinapopoa, mvuke wa ndani unarudi kuwa maji, panabaki nafasi, na mafuta yaliyogandamana juu yanavutwa ndani. Kwa hiyo usikitoe ukakilaza kwenye bakuli la mafuta yake. Kikung'ute juu ya karai, kiweke kwenye wavu au ungo, kisimame kwa ubavu, hewa ipite chini. Gazeti hapana, lina wino. Na hotipoti hapana kabisa. Ukikifunika, mvuke wake wenyewe utakilowesha.

Kwa biashara ndiyo nawashauri wale watano wakaange mara mbili. Nyumbani, saa kumi jioni, wakaange mpaka vipande vishike rangi hafifu tu, vipoe kwenye ungo. Pale kituoni mteja akifika, virudi kwenye mafuta yenye moto mkali kwa dakika moja au mbili. Vinatoka vyekundu vya dhahabu, ukitafuna vinalia, na mteja hasubiri. Afungiwe kwenye bahasha ya karatasi iliyoachwa wazi juu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata isingepigwa, mfuko unatoa jasho. Chachandu na kachumbari viwe kando. Ukimmwagia pilipili juu, kazi yako yote imekwisha.

Kamati itawauliza hesabu, nami nawapa kipimo kimoja tu cha kuanzia. Mpime mafuta kwenye chupa kabla ya kuanza, myachuje yakipoa, mpime tena. Kilichopungua ndicho mlichowauzia wateja bila kuwatoza. Mnakumbuka bei ya mafuta ya kula ilivyopanda mwaka 2021 na 2022. Aliyekuwa anakaanga vipande vyenye maji wakati ule alikuwa anamwaga faida yake. Mafuta yakiwa meusi, yakitoa povu lisilotulia, yatupwe. Msiongezee mapya juu ya hayo.

Na tofu mbichi iliyobaki isilale mezani. Ikae kwenye maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, ndani ya friji, maji yabadilishwe kila siku. Asiye na friji atengeneze ya siku hiyo tu. Ikinuka uchachu au ikiteleza kama kamasi, haikaangwi, haifichwi kwa pilipili.

Makapi niliahidi kuyarudia. Yakiwa mabichi bado si ya kuliwa; yapikwe vizuri. Robo yake ukichanganya kwenye unga wa chapati au maandazi hakuna atakayejua, na yanayobaki yachemshwe wapewe kuku au nguruwe. Wale wanaolipa rejesho kwa mayai wanisikie.

Ndugu Mwenyekiti, kikao cha mikopo ni Jumamosi saa nane. Ombi langu ni kwamba wale watano waje na karai lao, wakaange mbele ya kamati, na wale wenzetu wawili waalikwe wawe waonjaji, kwa sababu hakuna anayezijua lawama za wateja kuliko wao. Leo tumekaanga mara ya kwanza tangu asubuhi, na nasikia mafuta ya mara ya pili yameshaanza kulia huko nyuma ya ukumbi. Naomba wenzangu wa jikoni walete masinia, waanze na meza ya wageni, na wale kina baba wa nyuma wasogee mbele kama wanataka kupata cha moto.