Malori ya Waya



Utotoni, hapa Kasumbalesa, tulitazama malori yakivuka mpaka kwenda Zambia, nasi tukayaunda kwa waya: magurudumu ya vizibo vya chupa, usukani wa fito ndefu. Seminari ndogo ikatupa Kilatini, malori tukayaacha.

Tulipomzika mama wa watoto wetu, usingizi ulitukimbia. Usiku mmoja mikono yetu ikaokota waya. Lori lilipokwisha, tukalala. Kumbe mikononi mlibaki mahali ambapo huzuni ilikuwa haijafika.

Sasa watoto wa katekisimu hutuletea vipande vya waya, nasi huwafundisha kuvikunja. Ndugu mwenye mzigo, tafuta mchezo wako wa zamani, usione haya.

Yubile njema kwenu nyote.