Kupima Moto Usioguswa



Mpishi hujua maji yamepata moto ayaonapo yakichemka, na daktari hutumia kipimajoto. Lakini moto wa digrii milioni kadha utapimwaje, ikiwa kipimo chochote kitiwacho ndani yake huungua, na moto wenyewe hupoa mara uguswapo?

Swali hilo liliwasumbua mabingwa wanaotafuta njia ya kuunganisha viini vya hidrojeni, kama viunganavyo ndani ya jua, ili kupata nguvu za umeme. Kwa joto kali hidrojeni hugeuka kuwa plazma. Hakuna chungu kiwezacho kuistahimili. Huzuiliwa kwa nguvu za sumaku isiguse kuta za mtambo.

Mnamo Januari 1958 mabingwa wa Harwell, Uingereza, walitangaza kwamba mtambo wao, ZETA, ulitoa nyutroni, vijisehemu ambavyo huenda vilikuwa dalili ya viini kuungana kwa joto. Magazeti yalishangilia. Miezi michache baadaye wao wenyewe walikiri kwamba nyutroni zile hazikutokana na joto. Haraka haraka haina baraka.

Kwa hiyo, mwaka 1968, Bwana Lev Artsimovich wa Urusi alipoeleza kwamba mtambo wao wa Moscow, tokamaki T-3, ulipita digrii 10,000,000, wengi hawakusadiki. Yeye hakukasirika, bali aliwaalika Waingereza waje kupima wenyewe. Ijapokuwa serikali hizo mbili zilitazamana kwa mashaka, mwaka 1969 wataalamu wa Culham walifika Moscow na vyombo vyao vya leza.

Walipenyeza ndani ya plazma mwali wa leza wenye rangi moja tu. Elektroni, vijisehemu vidogo mno vya umeme, zilitawanya sehemu ndogo ya nuru ile. Kwa kuwa zilikwenda mbio, nuru iliyotawanyika haikubaki na rangi ile moja, bali ilienea katika rangi za jirani. Kadiri mbio zilivyozidi, ndivyo rangi zilivyoenea; na kwa mbio hizo joto lilijulikana, pasipo kitu kuigusa plazma.

Ikaonekana kwamba Warusi walisema kweli. Habari ilichapishwa Novemba 1969, na nchi nyingine zikajenga tokamaki zao. Njia hiyo ya kupima yatumika hata leo.

Muuzaji mwenye mizani ya haki hachelei mizani ya jirani yake.