Shauku Ndani ya Taaluma: Tunachojifunza kwa Panya Buku wa Morogoro



Nimeombwa nizungumzie namna wataalamu wanavyoweza kuyatumia mambo wanayoyapenda kwa manufaa ya jamii. Siku hizi jambo hili linasemwa sana, na kwa kawaida ushauri huwa mmoja: kama kazi inakuchosha, achana nayo ukafuate moyo wako. Mimi nina hoja nyingine. Katika mifano ninayoifahamu vizuri, shauku iliwafaa watu kwa muda mrefu pale mwenyewe alipoiingiza ndani ya taaluma, akakubali ipimwe kama kazi nyingine yoyote inavyopimwa, kisha akawaachia wengine waiendeleze. Nitaanza na mfano wa hapa nyumbani, Morogoro, na nitakaa nao kwa kitambo kwa sababu una mengi ndani yake.

Bart Weetjens ni Mbelgiji aliyesomea uhandisi wa kubuni bidhaa. Alipokuwa mtoto alifuga panya na wanyama wa jamii yao, akawazalisha na kuwauza kwenye maduka ya wanyama. Mapenzi ya namna hiyo kwa watu wengi huisha na utoto. Yeye katika miaka ya 1990 alikuwa akilichunguza tatizo la mabomu ya kutegwa ardhini barani Afrika, na alilitazama kwa jicho la mhandisi: kwa nini kazi ya kuyatafuta mabomu hayo itegemee vifaa vya bei kubwa kutoka mbali, wakati wanaokatwa miguu ni wakulima wa vijijini? Jibu likatoka kwa yule mfugaji wa zamani. Alijua kwamba panya ni mwerevu, anafundishika, na pua yake ni kali mno. Mwaka 1997 shirika la APOPO likaanzishwa Ubelgiji, na mwaka 2000 likahamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA.

Kwa nini SUA? Kwa sababu pale walikuwapo wataalamu waliokuwa wakimchunguza panya kwa nia iliyo kinyume kabisa na ile ya Weetjens. Wao walitaka kumdhibiti asimalize mazao ya mkulima. Miaka yao ya kujua panya anaishi wapi, anakula nini na anazaa vipi ndiyo iliyompa mgeni yule msingi wa kusimamia. Panya buku akaonekana kufaa kuliko wengine. Anaweza kuishi hadi miaka minane, kwa hiyo mafunzo yake hayapotei upesi. Ni mnyama wa huku huku, amezoea hali ya hewa na magonjwa ya huku. Uzito wake ni kilo moja au kuzidi kidogo, hivyo anapita juu ya bomu bila kulilipua. Mapenzi ya mtu mmoja yalikutana na maarifa ya watu ambao, huenda, hawakumpenda panya hata kidogo.

Mafunzo hufanyika asubuhi na mapema, kwani panya buku ni mnyama wa usiku na jua humuunguza. Masikio na mkia hupakwa mafuta ya kukinga jua. Wakufunzi wawili husimama kila mmoja upande wake wa kipande cha ardhi, kamba imenyooshwa kati yao, na panya amevishwa mkanda ulioshikizwa kwenye kamba hiyo. Huenda pua ikiwa chini mpaka afike upande wa pili, wakufunzi wakasogea kidogo, naye akarudi. Akiipata harufu ya TNT husimama na kuparua udongo. Mkufunzi hubonyeza kidude chenye mlio mfupi, na panya hukimbia kudai kipande chake cha ndizi. Kwa kuwa anafuata harufu ya baruti, msumari au kifuniko cha soda havimshughulishi, ilhali vitu hivyo ndivyo vinavyomla muda mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi panya hulimaliza kwa nusu saa hivi. Mwenye kifaa anaweza kulifanyia kazi hadi siku nne.

Hata hivyo, kupendwa na mkufunzi wake hakumpeleki panya kwenye uwanja wa mabomu. Mafunzo huchukua miezi tisa hivi au zaidi, na mwisho wake ni mtihani katika eneo lililofukiwa mabomu ambayo wakufunzi wenyewe hawajaonyeshwa yalipo. Akikosa hata moja, hafaulu. Waliofaulu walifanya kazi miaka mingi Msumbiji, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imeondolewa mabomu yote yaliyojulikana. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Morogoro akapelekwa Kambodia, na huko alifichua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na taasisi ya PDSA ya Uingereza, akiwa panya wa kwanza kuipata.

Kazi ya pili ya panya hawa inanigusa zaidi, maana mimi ni mtu wa maabara. Ni kutambua kifua kikuu. Wenzangu wa fani wanajua kipimo chetu cha miaka mingi. Makohozi hupakwa kwenye kioo, hukaushwa, hutiwa rangi nyekundu na kupashwa moto, huoshwa kwa asidi na alkoholi, kisha hutiwa rangi ya buluu. Vimelea vya kifua kikuu haviachii ule wekundu. Ukiinamia hadubini unaviona kama vijiti vyembamba vyekundu juu ya buluu. Vikiwa vingi havikusumbui. Vikiwa vichache, unatakiwa upitie sehemu 100 za kioo kabla ya kuandika kwamba hukuona kitu. Na hicho huenda ni kioo cha thelathini siku hiyo, macho yanawasha, foleni dirishani haijapungua, na umeme umekatika mara mbili. Hapo ndipo mgonjwa anapoambiwa hana kitu, akarudi nyumbani kulala chumba kimoja na wanawe.

Panya wa Morogoro hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Vimelea huuawa kwanza kwa joto ili mnyama na mkufunzi wawe salama. Sampuli hupangwa chini ya matundu, panya hunusa tundu baada ya tundu, na akifika kwenye yenye ugonjwa hutulia na kuparua. Sampuli ambayo kliniki ilisema haina kitu lakini panya ameishikilia hurudishwa maabara na kupimwa upya. Ikithibitika, mgonjwa hutafutwa hadi apatikane. Naomba mlione vizuri jambo hili. Hakuna mgonjwa anayeanzishiwa dawa kwa neno la panya. Neno la mwisho linabaki kwa mtaalamu na kipimo chake, na panya anamwonyesha tu pa kutazama tena. Kwangu mimi huo ndio ushirikiano bora kabisa kati ya shauku na taaluma, na sidhani kama yupo mtu wa maabara asiyeona thamani yake.

Nayasema haya nikikumbuka pia upande wa pili. Katika vituo mbalimbali nimeona mashine za kupimia damu zilizoletwa kwa nia njema na watu waliokuwa na moyo kweli. Mwaka wa kwanza zilifanya kazi. Vitendanishi vilipokwisha, ikabainika kwamba havipatikani nchini, na fundi anayezijua hakuna. Zikafunikwa kitambaa, zikageuka meza ya kuwekea mafaili. Waliozileta hawakuwa wabaya. Walimpenda mgonjwa, lakini hawakumuuliza mtu anayeagiza vitendanishi. Swali moja kwa mtu wa stoo lingetosha.

Mfano wangu wa pili ni Profesa Wangari Maathai. Wengi tunamjua kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Wachache wanakumbuka kwamba kwa taaluma alikuwa mtu wa mifugo. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia kiwango hicho, akafundisha anatomia ya wanyama. Utafiti uliomtoa ofisini ulihusu kupe wanaoeneza ndigana kali. Alikwenda vijijini nje ya Nairobi kukusanya kupe kwenye ng'ombe, na huko akaona mambo ambayo hayakuwamo kwenye utafiti wake: mito iliyojaa udongo mwekundu baada ya mvua, ng'ombe waliokonda mpaka mbavu zinahesabika, na malisho yaliyokwisha. Kupe hakuwa tishio pekee kwa ng'ombe wale. Wakati huohuo, katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, aliwasikia wanawake wa vijijini wakilia na kuni, maji na chakula.

Alikuwa ameipenda miti tangu utotoni kwao Nyeri, ambako mama yake alimkataza kuokota kuni za mkuyu, mti unaoheshimiwa na Wakikuyu. Alipourudia mkuyu ule baada ya masomo ng'ambo akakuta umekatwa na kijito kilichokuwa karibu nao kimekauka. Mtu mwingine angesikitika, akaandika shairi la huzuni. Yeye aliunganisha vitu vitatu: kumbukumbu ya mkuyu, jicho la mtafiti wa mifugo, na malalamiko ya wanawake. Mwaka 1977, siku ya mazingira duniani, ikapandwa miti saba jijini Nairobi. Huo ulikuwa mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani.

Maafisa wa misitu waliona kazi ya miche inahitaji watu wenye vyeti. Maathai aliwaambia kina mama watumie akili zilezile walizotumia kuotesha maharage na mahindi. Wakaotesha kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika, wakajifunza wenyewe mbegu ipi inaota na ipi haioti. Malipo yalikuwa madogo sana, na yalitolewa kwa mche ulioshika, si kwa mche uliopandwa. Sharti hilo ni la mtafiti. Mtu aliyezoea kupima matokeo hawezi kuridhika na hesabu ya mashimo. Kufikia mwaka alipopewa Nobel, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30.

Ni haki niseme pia kwamba alilipia. Mwaka 1982 alijiuzulu chuo kikuu ili agombee ubunge, akaenguliwa, na chuo hakikumpokea tena. Alipoteza kazi na nyumba kwa pamoja. Anayewaambia vijana kwamba kufuata shauku ni furaha tupu anawaficha jambo. Lakini tazameni tena tarehe. Vuguvugu lilikuwa na umri wa miaka mitano alipopoteza mshahara, na tayari lilikuwa mikononi mwa wanawake wengi. Lilisimama kwa sababu halikumtegemea yeye peke yake.

Mathias Mnyampala nitamgusa kwa ufupi, ingawa anastahili semina yake. Mwana wa Ugogo huyu alikuwa mtumishi wa serikali katika utawala na mahakama, na moyo wake ulikuwa kwenye ushairi na historia ya watu wake. Kitabu chake kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954, na ni vigumu kuamini kwamba kingeandikwa na mtu ambaye kazi haikumkalisha na wazee wakati wa mashauri. Baadaye akaikuza ngonjera, ushairi wa pande mbili zinazojibizana hadi zifikie mwafaka. Mimi huiona mahakama ndani yake: mlalamikaji, mlalamikiwa, na hukumu inayokubalika. Ngonjera zikaingia shuleni na kwenye mikutano ya hadhara, na waliozighani wengine hawakujua kusoma.

Na kwa wale wanaodhani upenzi wa kitu cha starehe hauna nafasi kazini, yupo Michael Wood, daktari wa upasuaji aliyependa kurusha ndege. Mwaka 1957 yeye na madaktari wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo tunaijua kama AMREF. Wazo lilizungumzwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mahali ambapo barabara ya kumfikisha mgonjwa kwa daktari wa upasuaji ilikuwa ndefu kuliko uhai wa mgonjwa mwenyewe.

Sasa nije kwetu. Wengi wenu mko katika ajira za miaka mitano au kumi, mnajua kazi, na mna jambo mnalolipenda ambalo ofisini hamlitaji: kuchora, kufuga nyuki, kupiga picha, kutengeneza redio, kwaya, mpira. Ninachowaombea kwa waajiri si fedha. Ni saa chache kwa wiki ambazo mtumishi anaruhusiwa kujaribu jambo lake juu ya tatizo ambalo idara imeshalitambua, kwa masharti kwamba matokeo yatapimwa na mtu mwingine na kuandikwa hata kama ni mabaya. Bila andiko, mtumishi akihamishwa Tunduru jambo lake linahama naye, na ofisi inabaki haijui kama lilifaa.

Suala la kukabidhi ndilo linalopuuzwa zaidi. Wakufunzi wa panya pale Morogoro kwa sehemu kubwa ni Watanzania, na baadhi yao wamekwenda kufundisha nchi nyingine. Hawakufuga panya utotoni. Kwao ni kazi yenye mshahara, zamu na likizo, na wanaifanya vizuri. Mambo aliyoyapenda kijana mmoja wa Ubelgiji yamekuwa ajira halali ya watu wasiomfahamu, na mgonjwa wa kifua kikuu anayetafutwa mtaani hahitaji kujua yalianzia wapi.

Kwa hiyo katika majadiliano ya vikundi yanayofuata, napendekeza kila mmoja asianze na anachokipenda. Aanze na tatizo moja la kituo chake analoliona kila wiki, alitaje kwa jina. Kisha aseme ni kipi anachokijua nje ya kazi kinachoweza kuligusa, nani atakayempima, na nani atakayeendelea siku yeye akiondoka. Makatibu wa vikundi wayaandike majibu ya swali la mwisho kwa ukamilifu, kwa sababu hayo ndiyo tutakayoyahitaji tutakapoandika mapendekezo kwa waajiri kesho asubuhi.