Ukali Huingia Mwilini



Mtu akilalamika kwamba kichwa kinamgonga, usingizi hauji na moyo unamwenda mbio, wanaomzunguka humwambia, "Acha mawazo." Ushauri huo hutolewa kwa upendo, lakini jioni hii nataka kuupinga. Mara nyingi mawazo hayo yameletwa na mtu. Mtu huyo ana jina na ana cheo, na kesho asubuhi mgonjwa wetu atamkuta palepale.

Tuanze na mwili. Juu ya kila figo ipo tezi ndogo. Ukiwa unavuka barabara, bodaboda ikatokea upande usioutazamia, ubongo hutoa amri na tezi hizo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza kasi, ini hutoa sukari iliyokuwa akiba, damu hupungua tumboni na kukimbilia kwenye misuli. Unaruka. Baada ya muda umekaa kibarazani, pumzi imetulia, mwili umerudi katika hali yake. Mtaalamu wa Marekani Walter Cannon alieleza utaratibu huu zaidi ya miaka 100 iliyopita: mwili hujiandaa kupigana au kukimbia. Ni utaratibu mwema, nao umeokoa maisha ya wengi wetu.

Taabu huanza pale hatari inapokosa mwisho. Bodaboda hupita, mkopo wa kausha damu haupiti, unalala na kuamka na wewe. Msimamizi anayekutukana mbele ya wateja leo, keshokutwa atakutukana tena. Hapo tezi zilezile hutoa homoni nyingine iitwayo kotisoli, na huendelea kuitoa wiki baada ya wiki. Nyumba ikiwaka moto hakuna anayefagia uani, na mwili ulio katika tahadhari nao huahirisha shughuli zake za kawaida. Presha hupanda na mwishowe huzoea kukaa juu. Sukari hubaki kwenye damu. Kidonda hukawia kufunga, mafua hayaishi kurudi, hedhi huvurugika, hamu ya tendo la ndoa hupungua, na mtu husahau hata alichokwenda kununua dukani.

Mwaka 1936, mtafiti Hans Selye, akiwa Montreal nchini Kanada, alieleza jambo la kushangaza. Panya wa maabara waliosumbuliwa kwa njia tofauti kabisa, wengine kwa baridi, wengine kwa majeraha, wengine kwa kuchoshwa kupita kiasi, wote walidhurika kwa namna moja: tezi zao za juu ya figo zilivimba, viungo vya kinga vilisinyaa, na tumbo lilitoka vidonda. Hapa niweke tahadhari. Kwetu sisi binadamu, vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria au dawa za maumivu zinazotumiwa kiholela. Kwa hiyo mwenye maumivu ya tumbo aende akapimwe, asiishie kuambiwa ana mawazo.

Ushahidi ulionigusa kuliko wote umetoka jirani kabisa, Maasai Mara nchini Kenya. Tangu mwaka 1978 mtafiti wa Marekani Robert Sapolsky alikuwa akienda huko kuchunguza nyani. Nyani wa nyikani hupata chakula chao kwa saa chache tu za siku. Muda unaobaki ni mrefu, na madume wenye nguvu huutumia kuwaonea wenzao. Mkubwa akishindwa ugomvi, humgeukia aliye chini yake na kumng'ata bila kosa. Sapolsky aliwalaza nyani hao kwa mshale wa dawa ya usingizi, akapima damu yao. Katika kundi la kawaida, madume wa chini walikuwa na kotisoli nyingi hata siku ambayo hakuna aliyewagusa. Hofu ya kuonewa ilikuwa imeshakuwa sehemu ya damu yao.

Kisha likatokea jambo ambalo hakulipanga. Katikati ya miaka ya 1980, kifua kikuu kilizuka kwenye jalala la hoteli moja ya watalii kutokana na nyama mbovu. Kutoka kundi alilokuwa akilichunguza, waliokwenda kugombania chakula jalalani ni wale madume wakali tu, nao wakafa. Wakabaki majike, watoto na madume wapole. Kundi likabadilika. Uonevu kwa wadogo ukapungua, kusafishana manyoya kukaongezeka, na madume wa chini hawakuonyesha tena dalili zile za mwili ulioelemewa. Zaidi ya hayo, dume la nyani huhama kundi alikozaliwa. Miaka kadhaa baadaye, madume wote waliokuwamo walikuwa wageni kutoka makundi mengine, lakini walipofika pale walijifunza upole wa wenyeji wao. Sapolsky na mwenzake Lisa Share walichapisha habari hizi mwaka 2004.

Labda utasema binadamu si nyani. Basi twende London. Mwaka 1967 watafiti walianza kufuatilia afya za wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali ya Uingereza. Hakuna aliyekuwa fukara, na wote walikuwa na haki ya matibabu ya umma. Hata hivyo, wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu kuliko wa ngazi ya juu. Sigara ilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti uliofuata, ulioanza mwaka 1985 chini ya Michael Marmot, ulionyesha kwamba mtu asiye na sauti juu ya kazi yake mwenyewe yumo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Ni busara ya kunusuru shingo kwa siku moja. Anayempisha mwenye nguvu kila siku ya maisha yake hulipa kwa mishipa ya moyo wake, na tunapomzika tunasema ni presha tu.

Je, aliye chini akae asubiri wakubwa wabadilike? Hapana. Yapo yaliyo mikononi mwake. Kutembea kwa miguu kwa nusu saa huupa mwili zile mbio ulizokuwa umejiandaa kwazo. Kuvuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta hupunguza mapigo ya moyo, na unaweza kufanya hivyo ukiwa kwenye daladala. Usingizi ulindwe: kahawa na mirungi visitumiwe usiku, na pombe isifanywe dawa, kwa kuwa hulaza mtu na kumwamsha alfajiri na hofu ileile. Ukiwa na dawa za presha usiziache eti kwa sababu leo umetulia. Na kama huzuni imekaa wiki kadhaa, au mawazo ya kujidhuru yamekujia, nenda kituo cha afya leo hii, au mwambie mtu unayemwamini akusindikize.

Kusikilizwa nako ni tiba iliyopimwa. Mjini Harare, tangu mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amewafundisha kina bibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na wenye mawazo. Bibi humsikiliza mgeni wake, kisha humsaidia kuchagua tatizo moja na kupanga hatua ya kulitatua. Utafiti katika zahanati 24, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa na mabibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kina bibi tunao katika kila mtaa.

Lakini neno langu kuu jioni hii ni kwako wewe uliye juu ya mtu. Bosi, mwalimu, baba, mama unayeishi na dada wa kazi, mkopeshaji: sauti yako inaingia kwenye damu ya mtu mwingine. Lipa mshahara kwa tarehe uliyoahidi. Mtangazie mapema zamu yake ya wiki ijayo. Ukimkosoa, mkosoe faraghani, umwambie kosa ni lipi na lirekebishwe vipi. Muulize kazi yake ingeendaje vizuri zaidi, kisha ufuate hata jambo moja kati ya aliyosema. Mpe dada wa kazi siku yake ya kupumzika. Mtoto wako aweze kukwambia amefeli mtihani bila kutetemeka.

Kundi zima la nyani lilibadilika, na wageni waliokuja wakajifunza kutoka kwa waliowapokea. Ofisini, darasani na nyumbani kwako, wewe ndiye mpokeaji. Kesho mtu atakuja kwako na habari mbaya au kosa alilofanya. Mpokee kwa namna itakayomwezesha kurudi kwake akalala.